Miguu Inayoinamia Stoo

Mwanamke aliyeitwa Bi Vipimo alijua visigino vya watu vizuri kuliko nyuso zao. Wagonjwa wake wa zamani walimwamkia barabarani, naye aliwaitikia kwa adabu bila kuwatambua. Lakini wakishampita, aligeuka akawatazama kwa nyuma, na hapo ndipo alipowajua.

"Yule ni wangu," alimnong'oneza binti yake. "Mguu wa kushoto. Tazama anavyokanyaga sasa, raha tupu."

"Mama, watu watasema unawachungulia."

"Waache waseme. Mimi nawachungulia kwa faida yao."

Kazi yake ilikuwa kupima miguu katika kliniki ya mifupa. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alifundishwa na mpimaji aliyemtangulia, na kwa miaka mingi hapakuwa na mguu uliopasuliwa, kufungwa plasta au kutengenezewa kiatu katika kliniki ile kabla haujapita mbele ya kigoda chake. Picha za mifupa zilipigwa mgonjwa akiwa amelala, na mguu uliolala huficha mengi. Yeye aliupima ukiwa umebeba mwili.

Mgonjwa alipanda juu ya jukwaa fupi la mbao lililopigiliwa misumari sakafuni, akampa mgongo, akakunja suruali au kuinua gauni hadi magotini. Bi Vipimo aliketi nyuma yake. Kwa kalamu ya wino wa zambarau alichora mstari uliokigawa kisigino katikati, kutoka chini kwenda juu. Kisha alichukua kipimapembe chake cha chuma chenye mikono miwili. Mkono mmoja aliufuatisha mstari ule. Wa pili aliusimamisha wima kwa jicho. Pembe iliyobaki kati ya mikono hiyo ndiyo daktari aliyoisubiri, kwa kuwa ilionyesha kisigino kimelalia wapi na kwa kiasi gani.

Kila mguu aliupima mara mbili. Baada ya mara ya kwanza alifuta wino wote kwa pamba yenye spiriti, akamtuma mgonjwa atembee hadi dirishani na kurudi, kisha akaanza upya kama mtu asiyewahi kuuona mguu ule. Mwalimu wake alimfundisha kwamba mkono ni mvivu na ukiachiwa alama utaifuata. Vipimo viwili vikikubaliana, mpimaji ameona kweli, vikigombana, arudie. Vya Bi Vipimo vilikubaliana karibu kila siku. Hicho ndicho kilichompa jina, na ndicho alichojivunia moyoni, ingawa hakukisema.

Kushoto kwa kigoda chake palikuwa na mlango wa stoo. Humo, rafu juu ya rafu, ilisimama miguu ya plasta. Kila aliyetengenezewa kiatu maalumu aliacha mfano wa mguu wake, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuitupa mifano hiyo. Watoto waliopimwa zamani walikuwa sasa wazee, na baadhi yao walikwisha kuzikwa, lakini miguu yao ya utotoni ilibaki pale, myeupe, imekatwa chini ya goti. Mfagiaji hakuingia stoo bila kuuacha mlango wazi. Fundi wa viatu, mwanamume mnene aliyetengeneza mifano ile, aliwatania wote.

"Mnawaogopa nini? Hawa ni wapangaji wema. Maji yakikatika hawalalamiki."

Mambo yalibadilika baada ya Bi Vipimo kuugua. Aliamka asubuhi moja akaona chumba kinazunguka. Alitapika, akalala mchana kutwa huku amekishikilia kitanda kama mtu aliye juu ya punda mkaidi. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka kumpeleka hospitali.

"Nifanye kazi hospitali, niumwe, nipelekwe hospitali? Nimekula kitu kibaya tu."

Siku iliyofuata aliamka, akaoga, akaenda kazini. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, basi.

Jioni ile aliporudi aliikuta picha ya marehemu mumewe imepinda ukutani. Ilikuwa katika fremu ya mbao juu ya kochi, na kichwa cha marehemu kilikuwa kimelalia upande wa kushoto, kama mtu anayemsikiliza jirani. Aliinyoosha. Kesho yake aliikuta imepinda vilevile. Aliinyoosha tena. Mwisho alimuuliza binti yake kama ndiye anayeigusa.

"Naigusa kwa sababu naikuta imepinda, mama. Kila asubuhi kabla sijatoka naiweka sawa."

Walitazamana. Nyumbani walikuwa wawili tu.

"Baba yako hakuwahi kutulia mahali pamoja," Bi Vipimo alisema, akacheka.

Binti yake hakucheka. Tangu siku hiyo hawakuizungumzia picha ile, lakini kila mmoja aliendelea kuinyoosha mwenzake akiwa hayupo, na kila mmoja aliendelea kuikuta imepinda.

Ndipo miguu nayo ilipoanza. Wa kwanza alikuwa mpishi wa shule aliyekuja kwa maumivu ya nyayo. Bi Vipimo alichora mistari, akasogea nyuma kidogo, akakunja uso. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimegeukia ndani. Cha kulia kilikuwa kimelalia nje. Miguu miwili ya mtu mmoja kwa kawaida hufanana makosa kama ndugu. Hii ilikuwa imeinama upande mmoja, kama mihindi iliyopigwa na upepo. Alifuta, akamtembeza, akachora tena. Pembe zilikuwa zilezile.

Baada ya mpishi alikuja mtoto, na baada ya mtoto mwanamke mjamzito. Waliokuja na mguu wa kushoto, mguu ulizidi kuingia ndani. Waliokuja na wa kulia, ulizidi kutoka nje. Siku moja baba mmoja alipanda jukwaani kwa mzaha ili mwanawe asiogope. Bi Vipimo alimpima ili kumfurahisha mtoto, na visigino vya mtu yule mzima, ambaye hakuwahi kuumwa hata kidole, navyo viliinama. Hakuandika. Aliinua macho polepole kufuata upande ilikoelekea mistari yote ya zambarau.

Ilielekea stoo.

Aliufunga mlango ule kwa ufunguo, na miguu ikaendelea kuinama. Asubuhi moja, kliniki ikiwa bado tupu, aliufungua, akasimama kizingitini. Miguu ya plasta aliyoipanga kwa mikono yake mwenyewe, wima, vidole mbele, ilikuwa yote imeinamia ukuta wa kushoto, rafu kwa rafu, mkubwa na mdogo, kama watu wa foleni wanaochungulia kuna nini huko mbele. Hakuna hata mmoja uliokuwa umeanguka. Hakuna uliotikisika. Alirudi nyuma bila kuipa mgongo.

Katika siku hizo aliletwa binti wa kinyozi mmoja. Alikuwa msichana wa darasa la tano mwenye mdomo usiofungwa breki. Mguu wake wa kulia ulikuwa bapa, na kisigino kililalia nje. Mwaka mzima alikuwa amevaa soli maalumu iliyotengenezwa na fundi. Bi Vipimo alipima mara mbili. Pembe ilikuwa imefikia karibu mara mbili ya ile ya mwaka uliopita.

Daktari wa mifupa, mwanamke kijana aliyezungumza na wagonjwa akiwa amechuchumaa ili awe chini ya macho yao, alisoma namba ile kwa makini. Kisha alimweleza kinyozi kwamba soli imeshindwa. Kama mguu unakwenda kasi hivi, itabidi mfupa wa kisigino ukatwe, usogezwe ndani, ufungwe kwa skrubu. Upasuaji ulipangwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Nitaweza kuruka kamba?" msichana aliuliza.

"Baada ya muda, mwanangu."

"Muda wa watu wazima au muda wa kawaida?"

Daktari alicheka. Bi Vipimo hakuweza. Alijua kwamba mfupa uliosogezwa haurudishwi. Mguu uliokatwa kwa haki hupona. Lakini mguu usiostahili kukatwa, ukikatwa, utalalia upande wa pili maisha yote, na hakuna soli itakayouokoa.

Alijipa moyo kwamba tatizo ni jengo. Pengine sakafu imezama upande mmoja na kuyainamisha yote. Jumatatu, wagonjwa walipokwisha, alimwita fundi.

"Kaka, nyumba hii imeinama."

"Imeinama, au wewe ndiye umechoka, dada?"

"Leta timazi."

Fundi alileta timazi, ule uzi wa waashi wenye uzito wa shaba mwishoni, ambao yeye aliutumia kusimamisha viatu virefu vya wagonjwa. Aliufunga juu ya fremu ya mlango wa kutokea. Shaba ilicheza, ikapunguza mwendo, ikatulia. Alifumba jicho moja.

"Haya. Uzi na fremu ni mapacha. Jengo hili litatuzika sote likiwa limesimama. Njoo ujionee."

Bi Vipimo alikwenda akasimama alipokuwa fundi. Uzi ulikuwa umeinama. Uliinama wote, kuanzia fundo hadi shaba. Juu umeelekea stoo, na chini ile shaba nzito imesogea upande wa pili na kutulia hewani, kana kwamba kuna mtu aliyeishika kwa vidole viwili asiiachie. Fremu nayo iliinama kando yake. Alisubiri uzi urudi. Haukurudi.

"Umeona?" fundi aliuliza.

"Nimeona."

"Umenyooka?"

"Umenyooka," alisema.

Fundi alikunja uzi wake akaenda zake huku akipiga mluzi, naye alibaki ameketi kwenye kigoda. Uzi wenye uzito hauwezi kuinama. Hakuna nyumba, upepo wala maiti inayoweza kuufanya uiname na kutulia hivyo. Basi kilichopinda si uzi. Si mpishi, wala mjamzito, wala marehemu mumewe aliye ukutani. Kilikuwa ndani ya kichwa chake, na hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ya stoo, kwa sababu stoo ilikuwa na ufunguo.

Alielewa pia kwa nini vipimo vyake vilikuwa havigombani. Mara ya pili ilipimwa na jicho lilelile la mara ya kwanza. Alikuwa ameuliza swali moja kwa shahidi mmoja, mara mbili, akashangilia majibu kufanana.

Jumanne alijaribu kujitibu kwa hesabu. Kama kila kitu kimeinama kiasi fulani, si atoe kiasi hicho tu? Nani atajua? Alimwomba mfagiaji apande jukwaani asubuhi, akampima, akampima tena mchana, na tena kabla ya kufunga.

"Bi, leo miguu yangu imekukosea nini?"

"Tulia, shoga yangu. Simama sawasawa."

Mwinamo haukuwa mmoja. Asubuhi ulikuwa mdogo, mchana ukaongezeka, na jioni, alipokuwa amechoka, visigino vya mfagiaji vilikuwa vimelala kama nyasi. Hapakuwa na kiasi cha kutoa.

Nyumbani hakula. Binti yake alimuuliza mara mbili kuna nini, akajibiwa kuwa ni joto. Bi Vipimo alikuwa akiwaza kwamba mpimaji asiyejua wima ni kama kinyozi mwenye mikono inayotetemeka. Watu humpa pole, lakini hawampi kichwa. Kazi ile ndiyo iliyomlea yeye na mwanawe baada ya mauti kuingia nyumbani. Hakujua angekuwa nani bila kigoda chake.

Jumatano msichana aliletwa kwa kipimo cha mwisho kabla ya upasuaji. Daktari alikuwepo. Kinyozi alisimama karibu na dirisha, amevaa shati la kutokea, na alikuwa akiongea sana kama wafanyavyo wenye hofu.

"Bi, mimi na wewe kazi yetu moja. Mimi nachora mstari kwenye kisogo, wewe unachora kwenye kisigino. Tofauti ni kwamba mimi nikikosea, nywele zinaota."

"Baba, umewahi kukosea?" binti yake aliuliza kutoka jukwaani.

"Muulize mjomba wako. Alivaa kofia mwezi mzima."

Bi Vipimo alichora mstari. Aliinua kipimapembe. Mkono wa chuma ulipokuwa karibu na ngozi aliona kisigino kile kidogo kikilala taratibu kuelekea nje, na mguu wote ukiinama nyuma yake, na nyuma ya mguu dirisha, na kando ya dirisha kinyozi mwenyewe, ameinama huku akitabasamu, kama watu waliochorwa kwenye karatasi inayoteleza mezani. Aliteremsha kipimapembe.

"Daktari," alisema, "usimkate mtoto huyu kwa kipimo changu."

Daktari aligeuka kumtazama.

"Unasemaje, Bi?"

"Sioni wima. Tangu nilipougua. Juzi fundi aliniwekea timazi nikaiona imeinama, nikamdanganya kuwa imenyooka. Wote niliowapima tangu siku ile, wa kushoto nimewaingiza ndani, wa kulia nimewatoa nje. Huyu ni wa kulia."

Daktari alitoka mlangoni, akamwita fundi na timazi yake. Aliamuru uzi uning'inizwe nyuma ya kisigino cha msichana, karibu kabisa, ili mkono wa pili wa kipimapembe uufuate uzi na si jicho la mtu.

"Pima," alimwambia fundi. "Usiniambie. Andika kwenye kiganja chako, ufumbe."

Fundi alipima. Daktari alifuta wino, akachora mstari wake mwenyewe, akapima naye. Kisha fundi alifumbua kiganja. Walitofautiana kwa digrii moja. Kisigino cha msichana kilikuwa pale pale kilipokuwa mwaka uliopita. Hakikusogea hata kidogo. Soli ilikuwa imefanya kazi yake.

"Hakuna upasuaji kesho," daktari alisema. "Tunaendelea na soli."

Msichana aliruka kutoka jukwaani. Lakini kinyozi alikuwa amegeuka kijivu.

"Ngoja kwanza. Yaani kesho saa hizi mngekuwa mmemchonga mwanangu bure? Na wewe, mama mtu mzima, ulijua tangu juzi? Ulilala usingizi?"

"Sikulala, baba."

"Usiniite baba! Ungesema juzi!"

"Ningesema juzi," alikubali. "Niliogopa."

Pengine kinyozi alitegemea abishiwe. Aliketi kwenye benchi, akajifuta uso kwa mkono wa shati lake la kutokea.

"Na hao wengine?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Waitwe wote," Bi Vipimo alisema. "Kuna walioshonewa viatu kwa macho yangu. Waitwe wapimwe upya. Mpishi wa shule awe wa kwanza."

Daktari alichuchumaa mbele yake kama alivyozoea kufanya kwa wagonjwa, na Bi Vipimo alistuka kujiona yuko upande ule. Alimuuliza kuhusu siku aliyougua. Alimulika macho yake moja baada ya jingine. Alimwambia afumbe macho aguse pua.

"Mficha maradhi," fundi alianza.

"Kaka, methali hiyo naijua. Iache ilipo."

Walimpeleka kwenye chumba cha picha za mifupa, ambacho hakina dirisha. Kinyozi na binti yake walifuata. Hapakuwa na aliyewakaribisha wala aliyewazuia. Fundi alileta taa yake nyembamba, ndefu kama rula, ambayo huimulikia ndani ya viatu. Daktari alizima taa za chumba. Katika giza ulibaki mstari mmoja mweupe unaoelea bila mikono.

"Fundi ataugeuza polepole," sauti ya daktari ilisema. "Ukiona umesimama wima kabisa, sema."

Mstari ulizunguka. Bi Vipimo aliufuata kwa makini yote aliyowahi kuwapa wagonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu augue, aliona kitu kikinyooka mbele yake, kizuri, bila shaka yoyote, na machozi yalimjaa.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo."

Daktari aliwasha taa. Fundi alikuwa ameishika taa yake bila kupumua, na ile taa ilikuwa imelala upande kama mlevi aliyeegemea nguzo. Bi Vipimo aliitazama, na bado kwake ilikuwa wima. Waliopinda ni wao wanne na kuta zote nne.

"Mshipa mdogo umeziba ndani ya kichwa," daktari alisema kwa upole. "Siku ile uliyotapika, sehemu inayokwambia wapi ni juu ilikosa damu. Nadhani ni hivyo. Unakwenda hospitali kuu sasa hivi, Bi. Si kesho."

"Itarudi?"

"Mara nyingi hurudi, taratibu. Lakini siahidi."

Fundi alikwenda kutafuta gari, na daktari akaenda kumpigia simu binti wa Bi Vipimo shuleni. Msichana wa kinyozi alikuwa bado anaikodolea macho ile taa iliyoachwa imeegemea meza. Aliinamisha kichwa upande wa kulia, kidogo, halafu zaidi, ulimi ukiwa nje kwa bidii.

"Bi," alisema. "Nimeipata. Ukikaa hivi imenyooka."

"Ndiyo, mwanangu. Ndivyo ninavyoona."

Msichana, kichwa kikiwa bado upande, aligeuka kuutazama mlango uliokuwa wazi, na korido, na ng'ambo ya korido chumba cha kupimia ambacho mlango wa stoo ulikuwa umeachwa bila kufungwa. Kutoka pale rafu ya kwanza ya miguu ya plasta ilionekana. Alipiga hatua moja kuelekea mlangoni.

"Wanaangalia nini?" aliuliza.

Bi Vipimo alimshika mkono. "Hawaangalii kitu. Ni mimi na wewe tu."

Walitoka pamoja kwenda kulisubiri gari, wakitembea polepole kandokando ya ukuta, mwanamke akiugusa kwa vidole ili ajue ulipo, na mtoto bega kwa bega naye, shingo imepinda.

"Nyoosha shingo, wewe!" kinyozi alifoka nyuma yao. "Nyoosha, nimesema!"

Lakini msichana alikuwa bado anatazama kule stoo.